SOMO: KIOTA CHA NDEGE NA KAZI YA WAKUBWA WA MJI

Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Katika aya hizi mbili Mungu anawapa Waisraeli sheria juu ya kitu kidogo sana: kiota cha ndege. Mtu akikuta mama amelalia mayai au watoto, hana ruhusa ya kumkamata mama pamoja na watoto wake. Halafu inafuata ahadi ya heri na ya siku nyingi. Ni ahadi sawa na ile ya kuheshimu baba na mama! Basi kiota si mchezo mbele ya Mungu.

1. Ndege wanaokaa kati ya watu

Hapa Kabondo-Dianda tunawajua ndege wa manjano wanaosuka vioto vyao kwenye miti ya ngazi, karibu na nyumba. Wanapiga kelele tangu asubuhi, wanachana majani ya ngazi, wanakula mbegu. Ni kweli, wanasumbua. Lakini mayai yao yanakaa siku 12 hivi, kisha watoto wanakaa ndani ya kiota karibu majuma matatu. Mwenye kutaka kukata tawi anaweza kungoja vioto viwe vitupu. Mbona tunashindwa kungoja?

Na sisi wanafunzi hatuna mikono safi. Wengi wetu tumekwisha kupiga vioto kwa manati, tukaacha watoto chini wafe. Hatukuwa hata na njaa.

2. Mfano wa Kampala

Katika mji wa Kampala, Uganda, ndege wakubwa wanaoitwa marabu wanajenga vioto juu ya miti ya barabarani tangu zaidi ya miaka 50. Watoto wao wanakaa miezi mitatu na zaidi kabla ya kuruka. Watu wengi wanawachukia juu ya mavi na harufu. Lakini juu ya nini wako mjini? Wanafuata takataka. Huko Ulaya nao shakwe, ndege weupe wa bahari, wameingia miji kwa namna ile ile: wanapata chakula katika takataka na mahali pa kutaga juu ya manyumba.

Takataka za Kampala zilirundikwa miaka mingi mahali panapoitwa Kiteezi. Tarehe 10 mwezi wa 8, 2024, mlima ule wa takataka ulianguka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mwezi uliofuata, rais wa nchi aliwaondoa wakubwa wa mji katika kazi, sababu uchunguzi ulionyesha uzembe. Tuone vizuri: marabu hakuleta takataka. Kumfukuza ndege, au kukata mti wake, hakungeokoa hata mtu mmoja pale. Kazi ya kupanga takataka ilikuwa ya wakubwa.

3. Sheria inasema nini?

Uingereza, sheria ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota cha ndege wa pori wakati ndege anakitumia. Hata mkubwa wa mji inamfunga.

Na kwetu? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kukaa mahali pazuri pa afya, tena ana wajibu wa kupalinda. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wakubwa wa serikali barua ya kuomba jambo, peke yake ao pamoja na wengine. Wakubwa wanapaswa kujibu katika miezi mitatu, na mwandishi hawezi kushitakiwa kwa sababu ya barua ile.

Wengi wanasema: «Ni ndege tu, utamusumbua mukubwa juu ya ndege?» Tunajibu: anayeogopa kuuliza juu ya mti mmoja, ataulizaje juu ya maji, juu ya njia, juu ya takataka?

4. Tufanye nini?

a) Tuache manati. Tukianza na kosa la mkubwa, naye atatuonyesha letu.
b) Tukisikia miti itakatwa, tuangalie kama kuna vioto. Tuhesabu, tuandike tarehe na mahali.
c) Tuandike barua ya heshima, fupi, yenye ombi moja: kazi ingoje mpaka watoto waruke. Tutie sahihi wote, tubaki na kopi.
d) Tuhesabu miezi mitatu. Jibu lisipokuja, tuandike tena.

Maulizo ya klasi

1. Juu ya nini ahadi ya kiota ni sawa na ahadi ya kuheshimu wazazi?
2. Hapa kwetu, ni nani anayepashwa kupanga takataka, na ni nani anayepashwa kumuuliza?
3. Soma Zaburi 84:3. Ndege amejenga kiota wapi? Hakuna aliyemfukuza pale. Na katika kiwanja cha shule yetu?