Ijara ya Duka: Manfaa, Muda na Kilemba

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Enyi ndugu zetu Waislamu, somo letu safari hii limo katika mlango wa muamalati, nao ni mlango ambao wengi wetu huupita bila ya kubisha hodi. Mtu husali kwa nyakati zake na kuufunga mwezi wake, kisha akakodi duka au akakodisha duka asijue lipi katika jambo hilo ni halali yake na lipi ni haki ya mwenziwe.

Twalisema hili khasa kwa ndugu zetu wa Ganda na Malindi. Ganda ni wadi miongoni mwa wadi za Malindi katika Kaunti ya Kilifi, na mji unazidi kuyasogelea mashamba. Pahali palipokuwa na miti pamesimama jengo: maduka chini, mkahawa pembeni, vyumba vya kulala juu, na uwanja mmoja wa wote. Duka na makao kuwa chini ya dari moja si jambo geni kwa watu wa Pwani. Katika mitaa ya kale ya Mombasa na Lamu watu wamekaa juu na kuuza chini tangu zamani. Lililo geni ni kuwa jengo moja leo huwa na wapangaji kumi wasiojuana, na mwenye jengo asiyewajua ila kwa kodi zao. Hapo neno la mdomo halitoshi tena, na ujinga wa hukumu huzaa ugomvi.

Ijara ni nini? Ni kuuza manfaa, si kuuza kitu chenyewe. Mwenye duka habakishi kwake manfaa yale kwa muda wa ijara, kwani ameyauza. Wala mpangaji hayamiliki matofali wala ardhi, kwani hakuvinunua. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi nguzo za ijara ni nne: watu wawili wanaofunga mkataba, tamko la kutoa na kupokea, kodi, na manfaa yenyewe. Kodi lazima ijulikane, na manfaa lazima yajulikane. Atakayeishika kanuni hii moja, kwamba kinachouzwa ni manfaa yanayojulikana kwa muda unaojulikana, ataweza kuyajibu mengi kati ya yale yanayowafikisha watu mahakamani. Na tuyatazame basi maswali matano ambayo yapasa kuulizwa kabla ya ufunguo kupokewa.

La kwanza: ni nani mwenye manfaa haya? Mtu hawezi kuuza asichokimiliki. Katika Pwani yetu yako majengo mengi ambayo mwenye jengo siye mwenye ardhi. Yeye hulipa kodi ya kiwanja kwa mtu mwingine aliye na hati. Sababu zake ni za zamani, na mojawapo ni sheria ya mwaka 1908 ya kuandikisha ardhi za Pwani, ambayo iliwapa baadhi ya watu hati na kuwaacha wengi, khasa ndugu zetu wa Mijikenda, bila ya hati katika ardhi waliyoilima. Anayekodi duka katika jengo kama hilo aulize mambo mawili: nani mwenye jengo, na ruhusa ya kukaa juu ya ardhi ile ina muda gani. Ikiwa mwenye jengo amebakiwa na miaka 2 katika kiwanja, hawezi kumwuzia mtu manfaa ya miaka 5.

Na liko lililo kubwa zaidi ya hilo. Mzee hufa akaacha jengo lenye maduka manne mbele ya barabara, na mirathi isigawiwe. Mtoto wa kiume mkubwa akakusanya kodi kila mwezi, akawaambia dada zake kuwa nyumba bado ni ya baba. Ndugu zangu, nyumba si ya baba tena. Tangu pale mzee alipokufa, baada ya kutolewa gharama za maziko yake na madeni yake na wasia wake, kila mrithi ana fungu lake katika jengo, na kwa hivyo ana fungu lake katika kila shilingi ya kodi. Anayekodisha fungu la dada yake bila ya idhini yake, akazila fulusi zile, ameila haki ya mtu. Na mpangaji akijua kuwa warithi hawakuridhia, asiseme kuwa hayamhusu. Atake idhini yao iandikwe, na kila mmoja alitie jina lake.

La pili: muda ni upi? Hili ndilo watu wamelizembea mno. Wengi huafikiana kwa kusema, "Kila mwezi utalipa kadha," wala hapatajwi mwisho. Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu mkataba wa namna hii si sahihi, kwani jumla ya muda haijulikani. Wanavyuoni wa Kimaliki na wa Kihanbali wameuruhusu, na kwa Mahanbali kila mwezi hulazimu unapoingia. Na Mahanafi wamesema wasihi katika mwezi wa kwanza. Hatuwahukumu kwa ubaya watu wanaoifuata kauli hiyo. Lakini itazameni hikima ya Mashafi: mtu ametia rafu, ametia friza, amelipia leseni ya kaunti, kisha hajui kama mwaka ujao atakuwapo. Katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) na mzee wa Madyan, kilichomo katika Suratul Qasas, twaona kuwa muda ulitajwa, miaka minane, na ziada ya kufikia kumi ikaachwa kwa hiyari yake. Waliafikiana juu ya hesabu, hawakuafikiana juu ya "tutaona."

Na ijulikane kuwa kwa Mashafi ijara haivunjiki kwa kufa mmoja wa wawili wale, wala kwa kuuzwa jengo. Mwenye jengo akifa, warithi wake wamheshimu mpangaji mpaka muda wake uishe. Mpangaji akifa, manfaa yaliyobaki ni mali ya warithi wake, si ya yule aliyewahi kuuchukua ufunguo.

La tatu: kodi ni kiasi gani, na ndani yake mna nini? Katika majengo ya leo kodi huja na wenzake: ada ya mlinzi, ya usafi wa uwanja, ya maji, ya taa za nje. Tena mwenye jengo aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani hutoza asilimia 16 juu ya kodi ya duka. Mtu akaambiwa shilingi 20,000, na mwezi ulipokwisha akadaiwa 27,000. Hii ni gharar, nayo yaepukika kwa mstari mmoja wa maandishi. Wako pia wanaotaka kodi iwe fungu la mauzo, mathalan sehemu moja katika kumi ya yote yatakayouzwa mkahawani. Wanavyuoni wengi hawakubali kodi isiyojulikana kiasi chake. Basi iliyo salama ni kutaja kiasi maalumu, na ikiwa itaongezwa kila baada ya mwaka au miaka 2, itajwe tangu mwanzo itaongezwa kwa kiasi gani.

Ama faini ya kuchelewa, kodi iliyokwisha kupasa ni deni, na kuongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni mlango wa riba. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Riyadh cha mwaka 2000, limekubali sharti la fidia katika mikataba ya mali, ila pale ambapo asili ya jambo ni deni. Mwenye jengo ana njia nyingine: ana dhamana aliyowekewa, na ana haki ya kumtoa asiyelipa kwa njia ya sheria. Lakini mpangaji naye asiigeuze rehema hii kuwa kichaka. Mwenye uwezo akiahirisha kulipa amedhulumu.

La nne: duka litatumiwa kwa kazi gani? Mkahawa si duka la nguo. Mkahawa una moshi, maji machafu, na watu wa usiku. Na juu yake wamelala watoto wa mtu. Aliyekodi kwa kuuza nguo hawezi kugeuza akapika samaki bila ya ridhaa, kwani manfaa aliyoyanunua ni yale na yaliyo mfano wake, si yaliyo mazito zaidi. Na kwa mwenye jengo Muislamu, mji wetu ni mji wa wageni wa kitalii, na anayetaka kufungua pahali pa ulevi aghalabu huahidi kodi kubwa kuliko muuza vitabu. Wanavyuoni wengi wamekataza kumkodisha mtu pahali kwa ajili ya kuuza ulevi. Imepokewa kwa Abu Hanifa kauli nyingine katika suala hili, na wanafunzi wake wawili wakubwa wakamkhalifu. Atakayetaka kuihifadhi dini yake hatautafuta upenyo huo. Ama mpangaji anayeuza halali katika uwanja ambao jirani yake huuza haramu, biashara yake ni halali. Lakini ana haki ya kutaka iandikwe mapema jinsi uwanja ule utakavyotumiwa.

La tano: kilemba, ambacho wengi huku kwetu hukiita gudwili. Hapa pana ugomvi mkubwa kuliko pote. Baraza hilo hilo la Fiqhi lilitoa uamuzi juu yake Jeddah mwezi wa Februari 1988, na muhtasari wake ni huu. Mwenye jengo akichukua kilemba mwanzoni mwa mkataba, yafaa, kwa sharti kihesabiwe kuwa ni sehemu ya kodi ya muda ule. Mpangaji ambaye muda wake haujaisha akipewa kitu na mwenye jengo ili atoke, yafaa. Mpangaji huyo akimwachia mpangaji mwingine muda uliobaki kwa malipo, yafaa pia, maadamu haupingi mkataba wa asili wala sheria. Na katika ijara za muda mrefu atake ridhaa ya mwenye jengo. Ama muda ukiwa umekwisha, hana alichobakisha cha kuuza.

Tutie mfano wa hesabu. Mtu amekodi duka miaka 5 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na ametoa kilemba cha 300,000. Miezi ni 60, kwa hivyo kilemba ni 5,000 kwa kila mwezi, na kodi yake ya kweli ni 25,000. Baada ya miaka 2 jengo likaporomoka. Imebaki miezi 36. Mwenye jengo hana haki ya kusema kuwa kilemba hakirudi. Lazima arejeshe 180,000, kwani ni bei ya manfaa ambayo hayakupatikana. Na mpangaji ambaye miaka yake 5 imekwisha asimwambie mwenziwe, "Nipe 300,000 nikuachie pahali." Rafu ni zake, na auze, bidhaa ni zake, na auze, na jina la biashara lina thamani yake, kama lilivyoamua Baraza katika kikao cha Kuwait mwezi wa Desemba 1988. Lakini pahali si pake.

Sasa tuje kwa sheria ya nchi. Kenya ina sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Ijara isiyoandikwa, au iliyoandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, au yenye sharti la kuivunja kabla ya miaka 5 bila ya kosa la mpangaji, imo chini ya ulinzi huo. Mwenye jengo hawezi kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji ila kwa notisi ya maandishi ya miezi 2 isiyopungua, na sababu zitajwe. Mpangaji asiyekubali amjibu kwa maandishi katika muda wa mwezi mmoja, kisha apeleke shauri lake kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya notisi kutimia. Miongoni mwa sababu zinazokubaliwa ni kutolipa kodi, kuharibu jengo, mwenye jengo kutaka kulivunja na kulijenga upya, au kutaka kulitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka. Kumfungia mpangaji mlango au kumtaabisha ili atoke ni kosa la jinai. Ndiyo maana wenye majengo wengi huandika miaka 5 na miezi 3: wataka kutoka nje ya ulinzi huo. Anayewekewa karatasi ya namna hiyo aisome kwa utaratibu, kwani hapo ngao yake ni maandishi yake tu.

Sheria hii imeondoa dhulma nyingi, nasi twaisifu kwa hilo. Lakini tusemezane kweli. Yuko mpangaji aliyeafikiana miaka 3, ikaisha, mwenye jengo mjane akalitaka duka lake ili mwanawe afanye kazi, naye akakimbilia barazani ili akae miaka mingine kwa kodi ya zamani. Huenda akashinda. Ngao imewekwa ili mnyonge asipigwe. Haikuwekwa ili nayo mtu ampige mnyonge mwingine. Hukumu ya kadhi yeyote haiigeuzi haki ya mtu kuwa halali kwa yule aijuaye nafsini mwake kuwa si yake. Na yuko mwenye jengo anayengoja mpangaji aijaze barabara wateja, kisha ampandishie kodi mara mbili ili amtoe na duka alichukue yeye. Huyu naye ajue kuwa ridhaa iliyotolewa kwa kubanwa si ridhaa.

Basi dawa ni kuandika. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, imekuja kutufundisha kuandika madeni ya muda na kuyashuhudiza. Tuandike majina ya wenye haki wote, muda, kodi na ada zake, kazi ya duka, kilemba kikiwapo na hesabu yake, nani atatengeneza nini, na dhamana itarudishwa lini. Tushuhudize watu wawili waadilifu, na kila upande ubaki na nakala. Anayemwandikia nduguye hamshuku. Humhifadhi yeye na watoto wake siku ambayo wao wawili hawatakuwapo kueleza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atuepushe na kula mali za watu, na aujaze miji yetu baraka na uadilifu. Amin.