Ada ya Urejelezaji: Nani Alipie Kifaa Kisichotengenezeka?

Kila simu, jokofu au runinga inapofikia mwisho wake, yuko anayebeba gharama ya kuikusanya, kuifungua na kutenganisha madini na sumu zilizomo. Katika somo hili tunajiuliza: gharama hiyo abebe nani, na kwa kiasi gani?

Nchi za Ulaya zinafuata kanuni ya wajibu wa mzalishaji. Anayetengeneza au kuingiza kifaa sokoni hulipa ada kwa chombo cha pamoja, nacho hugharimia urejelezaji. Ada hiyo ikihesabiwa kwa uzito au idadi tu, kuna kasoro. Tuchukue simu mbili zenye uzito sawa. Ya kwanza imefungwa kwa skrubu, na fundi huweza kubadilisha betri. Ya pili betri yake imegandishwa kwa gundi. Ikichoka, simu nzima hutupwa, na betri ya lithiamu ikipondwa kwenye taka huweza kuwaka moto. Watengenezaji wake wakilipa sawa, aliyejitahidi hapati kitu na aliyezembea hapotezi kitu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa hata asiye wa kwake analishwa.

Ufaransa ilianza kurekebisha kasoro hiyo mwaka 2010, kwa kupandisha au kushusha ada kulingana na muundo wa kifaa. Kwa mfano, simu isiyotumia chaja ya pamoja ilitozwa mara mbili. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliagiza ada zizingatie, inapowezekana, uimara wa bidhaa, wepesi wa kuitengeneza na kuirejeleza, na kemikali hatari zilizomo.

Hata hivyo, ada ya simu moja ilikuwa senti chache tu za yuro. Senti mbili badala ya moja hazimfanyi mhandisi abadilishe mchoro wake. Ndiyo maana sheria ya Ufaransa ya mwaka 2020 iliruhusu tuzo au adhabu kuzidi ada yenyewe, mradi isivuke asilimia 20 ya bei ya bidhaa kabla ya kodi. Na Januari 2021, simu janja, kompyuta za mkononi, runinga na mashine za kufulia zilianza kuuzwa huko zikiwa na alama, kati ya 10, iliyoonyesha wepesi wa kuzitengeneza, ikiwemo upatikanaji na bei ya vipuri.

Hapa tunagusa suala la haki. Katika *Laudato si'*, namba 195, Papa Fransisko anakumbusha kwamba anayetumia mali ya wote abebe gharama yake waziwazi, asiwaachie wengine wala watoto wao. Ada iliyo sawa kwa wote inaonekana ya haki, kumbe inaficha mzigo. Nasi Afrika Mashariki jambo hili linatuhusu: Kenya iliweka wajibu wa mzalishaji katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022. Ada zikipangwa bila kutazama muundo, fundi wa mtaani ataendelea kupokea vifaa visivyofunguka, na dampo litaendelea kujaa.

Maswali ya kujadili:
1. Je, ada sawa kwa wote ni haki sikuzote?
2. Ada iwe kubwa kiasi gani ili ibadilishe muundo bila kumwumiza mnunuzi maskini?
3. Parokiani kwetu, kifaa kikiharibika, huenda kwanza kwa fundi au jalalani? Kwa nini?