Somo la Tisa: Ngeli ya Mahali katika Taarifa ya Njia ya Mlimani

Madhumuni

Kufikia mwisho wa somo hili, mwanachuo aweze:
(a) kubainisha matumizi ya viambishi pa-, ku- na m-;
(b) kutofautisha upatanisho wa kitu na upatanisho wa mahali;
(c) kusahihisha makosa ya wanafunzi kwa kueleza maana inayopotea.

Utangulizi

Milima ya Rwenzori imo mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Huko hakuna majira ya majani kupukutika. Mwaka hugawanywa kwa mvua na ukavu. Mwezi wa Novemba mvua huwa bado ni nyingi, na mpandaji hutegemea sana maneno ya waongoza watalii walioshuka kabla yake. Kiambishi kimoja kikikosewa, msikilizaji hupata habari nyingine.

Kifungu cha mfano

Kifungu hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Mwongozaji aliyeshuka anamweleza mwenzake anayejiandaa kupanda.

(1) Msituni mna tope zito, na mizizi iliyolowa inateleza. (2) Mtoni maji yamepanda, lakini daraja ni imara. (3) Darajani pameharibika upande wa pili, pale mnapokanyaga mkishuka. Vukeni mmoja mmoja. (4) Katika kinamasi cha Bigo mna mbao zilizotandikwa. Msiziache, kwani kando yake tope hufika magotini. (5) Huko juu kumeanguka theluji. Sisi hatukufika, tumeambiwa na wenzetu.

Ufafanuzi

*Kiambishi m- (undani).* Katika sentensi ya (1), tope limo ndani ya msitu, na msafiri atatembea humo. Tukisema "msituni kuna tope", tumetaja eneo kwa jumla. Huenda njia yenyewe ni kavu. Tukisema "msituni pana tope", msikilizaji atauliza: ni pale wapi?

*Kiambishi pa- (mahali mahususi).* Sentensi ya (3) ndiyo kiini cha somo hili. Linganisha:

Daraja limeharibika.
Darajani pameharibika.

Katika ya kwanza, kiambishi li- kinapatana na daraja lenyewe; atakayeisikia atarudi nyumbani. Katika ya pili, nomino imepata kiambishi tamati -ni na kuingia ngeli ya mahali. Kilichoharibika ni sehemu ya hapo, na daraja huenda bado linapitika. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, lakini atakayezichanganya atamzuia mtu asiye na haja ya kuzuiwa, au atampeleka mwingine kwenye hatari.

*Kiambishi ku- (mahali pasipo dhahiri).* Katika sentensi ya (5), msemaji hakufika, wala hajui theluji imeanguka hatua ngapi kutoka wapi. Kwa hiyo amechagua ku-. Angesema "pale juu pameanguka theluji", angedai kujua mahali asipopaona. Hapa sarufi inalinda ukweli wa msemaji.

Tanbihi kwa mwalimu

1. Katika Luganda, *ku* hutumika kwa kitu kilicho juu ya kingine, kama *ku mmeeza*. Mwanafunzi mwenye lugha hiyo huhamishia maana hiyo katika Kiswahili, akadhani ku- ni kiambishi cha "juu ya". Usimkemee, mwonyeshe kwamba lugha hizi mbili zina viambishi vya aina moja, ila mipaka ya maana inatofautiana.

2. Neno "mna" lina sura mbili: "Msituni mna tope" (mahali) na "Ninyi mna mabuti ya mpira" (nafsi ya pili wingi). Mwelekeze mwanafunzi atafute kwanza kiima cha sentensi.

3. Mazungumzoni husikika "iko tope" au "kuko tope" kwa kila mahali. Mwulize mwanafunzi: "Je, mpandaji ataweka mguu wapi?" Swali hilo humfundisha kuliko alama nyekundu daftarini.

Zoezi

1. Eleza tofauti ya maana kati ya "Njia imejaa maji" na "Njiani mmejaa maji".
2. Sahihisha, kisha toa sababu: "Humu kilimani kwa mbali inaonekana ukungu."
3. Andika taarifa ya sentensi tano kuhusu hali ya njia unayopita kwenda chuoni siku ya mvua. Tumia pa-, ku- na m- angalau mara moja kila kimoja. Badilishana daftari na mwenzako: akuchoree ramani ya njia hiyo kwa kufuata maneno yako tu. Mahali atakapokosea kuchora, chunguzeni pamoja iwapo kosa ni la mchoraji au ni la kiambishi.