Mapenzi ya Mtoto kwa Shujaa wa Katuni na Somo la Insha

Mwalimu mwanafunzi aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hukumbushwa kanuni ya zamani: anza na lile alijualo mtoto, kisha umwongoze kwenye lile asilolijua. Kanuni hiyo ni rahisi kuikariri, lakini wengi wetu huipunguza ikawa ng'ombe, jembe na gulio, kana kwamba mtoto wa Dodoma hajui kingine. Mtoto wa darasa la tano katika mitaa kama Chang'ombe au Kikuyu anamjua pia Naruto. Amemwona katika kibanda cha video au katika simu ya kaka yake, naye humchora kwa kalamu ya wino kwenye jalada la daftari. Mwalimu asiyejua mchoro ule ni wa nani hudhani ni uchafu.

Naruto ni mhusika mkuu wa katuni za Japani ziitwazo anime. Mtunzi wake, Masashi Kishimoto, alianza kumchapisha gazetini mwaka 1999, na televisheni ikaanza kumwonyesha mwaka 2002. Ni mvulana yatima. Kijiji kizima humwepuka, kwa kuwa siku aliyozaliwa alifungiwa mwilini mwake lile dubwana lililowaua watu wengi. Katika kipindi cha kwanza kabisa tunamkuta akishindwa mtihani wa kuhitimu, nayo si mara yake ya kwanza. Mwalimu wake, Iruka, ni yatima pia, na wazazi wake waliuawa na dubwana hilohilo. Kwa hiyo angekuwa na sababu ya kumchukia mtoto huyu kuliko mtu yeyote. Lakini silaha inaporushwa, Iruka huikinga kwa mgongo wake, kisha humvua mtoto mashaka yote kwa kumfunga kipajini kitambaa chake mwenyewe cha wahitimu. Tungependa kila mwanachuo akitazame kipindi hicho kimoja, hata kama hatatazama kingine. Waliokitunga hawakukusudia kuandika somo la ualimu, lakini wameliandika.

Sasa tufikiri juu ya mtoto aliyewahi kukariri darasa la nne, atazamaye haya akiwa amekaa juu ya ndoo. Je, ni ajabu akimpenda Naruto?

Tena mapenzi hayo hayakui kwa siku moja. Sungura wa ngano zetu ni mjanja leo, na kesho tutamkuta vilevile. Twacheka naye, kisha twalala. Shujaa wa mfululizo huongezeka umri, hufiwa, hukosana na rafiki na kumtafuta kwa miaka. Vipindi vya Naruto ni 220, na vya sehemu ya pili, Shippuden, ni 500. Hata tukihesabu dakika 20 tu kwa kila kipindi, jumla ni saa 240, yaani sawa na vipindi 360 vya darasani vya dakika 40. Mwalimu wa mazoezi, mwenye wiki zake chache, hawezi kushindana na urafiki wa muda huo, na wala hana haja ya kushindana nao.

Jambo lenyewe si geni kwa wataalamu. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl, huko Marekani, walieleza jinsi mtazamaji wa televisheni anavyojiona yu rafiki wa mtu aliye kwenye kioo, ingawa mtu yule hamjui. Na kwetu, kabla televisheni haijafika Tanzania Bara mwaka 1994, watoto walikuwa wakimsikitikia Binti Chura katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam. Waulizeni wazazi wenu. Siku hizi watoto wadogo wanaye Akili, msichana wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro, katika katuni za Akili and Me zitengenezwazo na shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Utafiti uliofanywa Morogoro kwa watoto wa awali zaidi ya 500 ulionyesha kuwa waliotazama katuni hizo walijifunza kuhesabu na kutambua maumbo kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine.

Katika ukaguzi tulipata kumwona mwalimu mwanafunzi akichana jalada la daftari la hesabu kwa sababu ya mchoro wa Naruto. Hesabu zilizokuwa ndani zilikuwa sahihi. Kwa muda wote tuliokaa darasani humo, mwenye daftari hakunyoosha kidole tena.

Twapendekeza njia nyingine, katika vipindi viwili vya Kiswahili. Katika kipindi cha kwanza watoto wazungumze wawili wawili juu ya shujaa wampendaye. Msiwaulize kwa nini wanampenda, maana jibu litakuwa "kwa sababu ana nguvu," na mazungumzo yatakufa hapo. Ulizeni: ni siku gani ulianza kumpenda, na alikuwa akifanya nini? Swali hilo humlazimisha mtoto kusimulia, na masimulizi huleta yenyewe matumizi ya -li- na -ka- mnayotaka kuyafundisha. Katika kipindi cha pili wamwandikie shujaa huyo barua ya kirafiki. Anwani si tatizo, kwani barua ya kirafiki huhitaji anwani ya mwandikaji tu.

Asilazimishwe mtu kuandika juu ya katuni. Katika vijiji vingi vya Bahi na Chamwino wapo watoto ambao hawajaziona, na mtoto asijione maskini kwa ajili ya somo letu. Amwandikie Sungura, au shujaa wa hadithi ya bibi yake. Wala mwalimu asijifanye shabiki kama si shabiki, maana watoto humtambua mara moja. Zipo pia anime zilizotengenezwa kwa watu wazima, nazo hazifai kuletwa darasani. Mwalimu azitazame kwanza mwenyewe.

Barua hizi zisisomwe kwa sauti mbele ya darasa pasipo ruhusa ya mwandishi. Mtoto aweza kumweleza Naruto kwamba anapigwa nyumbani, au kwamba halali na chakula, maneno ambayo hajamwambia mtu yeyote. Likitokea hilo, insha imekwisha na kazi nyingine imeanza: mwite mtoto faragha, kisha umwone mwalimu wa malezi na mwalimu mkuu siku hiyohiyo.

Wanachuo wengine hutuuliza kama mwalimu aijibu barua kwa jina la shujaa. La. Mtoto wa darasa la tano anajua vyema kwamba Naruto ni mchoro. Anampenda akijua hivyo, na kumdanganya ni kumdharau. Jibuni kwa majina yenu wenyewe, sentensi mbili au tatu juu ya lile aliloliandika, kwa wino usio mwekundu. Makosa ya tahajia yaandikeni kwenye karatasi nyingine.