Ihoji Makala ya Utafiti Unapoisoma

Makala ya kisayansi haidai isomwe kila mstari kwa mpangilio. Isome kwa hatua, kila hatua na swali lake. Chukua mfano wa utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet.

1. Ikisiri: watafiti waliuliza nini, kwa nani? Walitaka kujua kama chanjo hupunguza malaria. Walishiriki watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo.

2. Mbinu: nani alilinganishwa na nani? Hapa ndipo penye uzito wa makala yote. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Wale wa miezi 5 hadi 17 walipata RTS,S au, kwa kundi linganishi, chanjo ya kichaa cha mbwa. Pasipo kundi linganishi, huwezi kujua kilicholeta nafuu.

3. Majedwali: namba ina maana gani? Kwa umri huo, dozi nne zilipunguza malaria kwa asilimia 36. Haina maana kwamba watoto 36 kati ya 100 hawakuugua kabisa. Maana yake, matukio ya ugonjwa yalikuwa machache kwa kiasi hicho kuliko kwenye kundi linganishi. Tazama pia mabano ya kando: makadirio yalikuwa kati ya 31.8 na 40.5. Pengo kati ya namba hizo mbili likiwa pana mno, usiishikilie namba ya katikati. Kisha uliza kuhusu wengine: kwa wachanga wa wiki 6 hadi 12, kinga ilikuwa takriban asilimia 26 tu.

4. Mjadala: wanakiri nini? Watafiti walieleza kuwa homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata RTS,S, bila sababu kujulikana. Majaribio mapana yaliyoanza 2019 Kenya, Ghana na Malawi hayakuthibitisha hofu hiyo, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo. Utafiti mmoja haufungi mjadala.

5. Ufadhili: nani alilipa? Mtengenezaji, GSK, alikuwa miongoni mwa wafadhili. Hilo halibatilishi matokeo, ila linakutaka urudi kwenye mbinu kwa jicho kali zaidi.

Kwa hiyo, ukiletewa habari ya “utafiti umethibitisha”, itafute makala yenyewe uipitishe kwenye maswali haya kabla hujaisambaza.