Somo la Ufundi: Kompyuta za Gari Zisiposikilizana

Taa nyingi za hitilafu zikiwaka pamoja kwenye gari la zahanati, tusikimbilie kununua kompyuta mpya. Huenda kasoro iko kwenye nyaya mbili za mtandao wa CAN, ambazo kompyuta za injini, breki na nyinginezo hutumia kuwasiliana.

Tuzime gari, tufungue waya hasi wa betri, kisha tupime kwa multimita kati ya tundu la 6 na la 14 la soketi ya uchunguzi. Katika magari mengi, rezista mbili za omu 120 husomeka pamoja omu 60: njia ni nzima, tukague umeme na athi za kompyuta. Omu 120: waya umekatika au rezista moja imekufa. Karibu na sifuri: nyaya zimegusana.

Kupima kwanza ni uwakili mwema wa sadaka zilizotolewa kwa ajili ya wagonjwa.