Kisa na Visa: Maana, Upatanisho na Matumizi

Nomino kisa imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya hadithi. Ingawa ni neno la mkopo, silabi yake ya kwanza imechukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, nalo limeingia katika ngeli ya KI-VI, kama lilivyoingia neno kitabu: Kisa hiki kinachekesha, Visa hivi vinachekesha.

A. Maana

1. Masimulizi mafupi ya tukio moja, lililotokea au linalosimuliwa kana kwamba lilitokea: Mvuvi wa Majanji alitusimulia kisa cha mtumbwi wake kupinduliwa na dhoruba. Ngano, kwa upande wake, ni hadithi ya kubuni, aghalabu yenye wahusika wanyama.
2. Sababu: Wamegombana, kisa ni nyavu.
3. Tukio moja la jambo linalohesabiwa, hasa ugonjwa: Zahanati imeripoti visa viwili vya kipindupindu.
4. Vitimbi au uchokozi. Hapa hutumika wingi: Jirani yake amemfanyia visa.

B. Tahadhari

Katika mji wa mpakani kama Busia, mwanafunzi husikia pia neno viza, yaani kibali cha kuingia nchi ya kigeni. Neno hili huandikwa kwa z, na upatanisho wake ni wa ngeli ya I-ZI. Linganisha:

(a) Viza yake imekwisha.
(b) Visa vyake vimekwisha.

Sentensi (a) inamhusu msafiri anayehitaji kibali kipya. Sentensi (b) inamhusu msimulizi aliyeishiwa na masimulizi, au mchokozi aliyeacha uchokozi.

Mwanafunzi akiandika *Visa yake imekwisha, mwalimu aulize kwanza alikusudia nini. Ikiwa ni kibali, kosa ni la tahajia. Ikiwa ni masimulizi, kosa ni la upatanisho. Mwalimu asiyeuliza huenda akasahihisha mahali pasipo na kosa, na mwanafunzi akaipoteza kanuni aliyokuwa ameishika.

Aidha, wazungumzaji wa lugha isiyo na sauti sh, kama Kidholuo, huweza kutamka kisa badala ya kisha. Wapewe mazoezi ya matamshi: Alisimulia kisa, kisha akaondoka.

C. Zoezi

1. Tunga sentensi moja kwa kila maana ya kisa iliyotajwa.
2. Sahihisha kwa njia mbili, ukieleza sababu: *Visa yako imenishangaza.